Waridi la Keki ya Torsten

Gunvor si mtu wa kelele. Ni daktari katika kliniki yetu kaskazini mwa Uswidi tangu ujana wake, na neno akilimeza, halisahau.

Surua ilipozuka mwaka jana, mwongozo ulisema wazi: anayeshukiwa kuugua apimwe ndani ya gari lake. Torsten, mkuu wetu, akampitisha rafiki yake wa kuwinda, mwenye homa na vipele, katikati ya chumba cha kungojea. "Mwongozo ni wa waoga," alituambia. Mjukuu mchanga wa Gunvor alikuwa mle. Surua ilimwachia uhai, ikaondoka na masikio yake.

Gunvor hakulalamika. Aliomba tu asimamie kinga ya maambukizi, akapewa.

Ijumaa tulikuwa tunamuaga Torsten anayestaafu. Keki ya kijani ilikuwa mezani na waridi lake la sukari, ambalo kwetu huliwa na anayeagwa. Lakini asubuhi hiyo mkewe alikuwa amepatikana na surua, na Torsten mwenyewe hakuwahi kutuletea cheti cha chanjo. Kila tulipomwomba, alicheka.

Gunvor akamfungia mlango wa kioo.

"Fungua bwana, Gunvor. Sherehe yangu hii."

"Aliyekaa na mgonjwa haingii, mkuu. Mwongozo huo."

"Yaani unanilipizia?"

"Mimi? Mimi mwoga tu."

Akaenda mezani, akarudi na waridi, akalila polepole mbele ya kioo. Torsten akagonga, akapiga kelele. Gunvor akagusa sikio lake, akatikisa kichwa kama mtu asiyesikia.