Bei ya Kompyuta Kuukuu

Juzi, nikiwa kwa fundi mmoja wa vifaa vya umeme mtaani Ntinda, polisi mstaafu aliweka juu ya kaunta kompyuta ya zamani, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni. Mkewe alitaka iuzwe, mradi iwake. Fundi akaisafisha, akaichomeka, na kioo kikageuka buluu. Mzee akaandika jina lake kwa kidole kimoja, polepole, akalitazama.

“Afande, wapenda vitu vya kale wanaitafuta hii,” fundi akasema. “Unapata ng'ombe mzima.”

Mzee akampigia mkewe. “Mama watoto, imewaka. Lakini fundi anasema haifiki hata bei ya kuku.”

Fundi akakohoa, akainama kutafuta mfuko.

“Basi irudishe,” mke akajibu. “Meza imebaki uchi tangu asubuhi.”

Sijawahi kuona mtu akipokea hasara kwa furaha namna ile.