Kukamua Mteremko

Katika karakana ya mabasi ya umma hapa Kahama, mwenye stashahada ya umeme wa magari ni mmoja tu, na ndiye anayeandika haya. Niliisomea Dar es Salaam bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Mchana darasani, usiku nikilinda gereji ya watu. Shirika letu lilipoleta basi lake la kwanza la umeme, nilikuwa nimeshafanya kazi na magari ya aina hiyo. Niliomba kazi, nikafanyiwa usaili, nikawaacha wenzangu mbali. Nikarudi nyumbani.

Dereva aliyekabidhiwa basi hilo alikuwa mzee ambaye nilipokuwa nikichunga ng'ombe kwetu Didia nilimfahamu kwa honi yake. Maisha yake yote alikuwa ameendesha dizeli.

Safari ya majaribio ilikuwa kwenda Geita na kurudi kwa chaji moja, kwa kuwa chaja ilikuwa Kahama pekee. Mara ya kwanza, mimi nikiwa bado sijaripoti kazini, basi lilizimika wakati wa kurudi likavutwa na lori, watu wa barabarani wakishangilia kama wameona arusi. Nilipoanza kazi, meneja alitamka mbele yetu sote: likizimika tena linapelekwa mkoa mwingine, na mzee atakaa getini kufungulia wenzake mpaka astaafu. Mzee alichukua kitambaa akafuta kioo cha mbele, kioo ambacho hakikuwa na hata doa.

Mara ya pili nilipanda nikakaa nyuma yake. Abiria walikuwa wengi, maana safari ilikuwa ya bure.

"Fundi," aliniita mchimbaji mmoja wa Rwamgasa, "hili linatembea au tunasukumwa?"

"Linatembea."

"Mbona kimya? Hata ndani ya duara langu la dhahabu, chini kabisa shimoni, kuna kelele kuliko humu."

"Nyamaza basi tulale," akamjibu mama muuza mchele, watu wakacheka.

Tulipofika mteremko wa kwanza, mkono wa kushoto wa mzee ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha gia. Akaweka nyutro, akalitoa kwenye gia. Basi likaachiwa, likateleza. Nikaelewa palepale kilicholizima siku ile. Madereva wetu wa dizeli wote hufanya hivyo ili kubana mafuta, na wanajisifia. Mtu mzima hakosolewi mbele ya abiria wake, hata na mwenye stashahada. Nikahesabu miteremko tuliyoipoteza mpaka Geita.

Huko tulikaa kwenye mgahawa wa stendi, tukaagiza chai na chapati.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba. Shikamoo mbili asubuhi moja? Unataka kitu."

"Kwa nini unaweka nyutro mteremkoni?"

"Napumzisha injini, nyanda," akasema, akiniita kijana kwa Kisukuma chetu. "Nilibana mafuta hivyo wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako."

"Hili halina mafuta. Likishuka likiwa kwenye gia, magurudumu yanaizungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri."

Aliniangalia kama mtu aliyemfuata mnadani kumuuzia dawa ya meno. Mwingine angekata tamaa. Lakini mimi najua vitu viwili barabara, umeme na ng'ombe, na wataalamu wengi wanajua kimoja.

"Mzee, mteremko ni ng'ombe mwenye maziwa. Ukiweka nyutro, umemfungulia ndama anyonye yote, halafu wewe ndiyo unakuja na kibuyu. Liache kwenye gia, ukamue."

Akaweka kikombe chini. "Mbona hukuniambia njiani?"

"Kulikuwa na watu."

"Kumbe Dar haikukumalizia adabu," akasema, akanisogezea chapati yake.

Tuliondoka Geita betri ikiwa chini ya nusu. Mteremko ulipoanza, mkono wake ukaondoka tena kwenye usukani. Mama muuza mchele, ambaye kule mgahawani alikuwa meza ya jirani na hakuacha neno lolote limpite, akapaza sauti: "Kamua, baba!"

Mkono ukarudi. Basi likajishika lenyewe, likashuka taratibu, na mshale wa chaji ukapanda kidogo.

"Yanatoka!" nikasema.

Kila mteremko baada ya hapo basi zima lilipiga kelele: kamua! Mchimbaji wa Rwamgasa alisahau malalamiko yake ya ukimya.

Kahama tulimkuta meneja getini, lori likiwa tayari na mnyororo wake. Akapanda, akautazama mshale, akautazama tena.

"Kesho ratiba ileile," akasema. "Dereva yuleyule."

Wenzangu wa karakana walinipa mikono, nami niliipokea yote, kwa sababu nilistahili. Mzee alibaki kwenye kiti chake, ametega sikio kusikia kama basi bado linawaka.

"Nimezima?"

"Umezima zamani."

"Basi shuka, nyanda, nifunge mlango. Kesho nina safari."