Magari Yaliyoziba Njia ya Chilangala

Juzi, kwenye harusi, niliona gari la kizamani limeng'arishwa, nikamkumbuka Mama. Alikuwa nesi. Siku moja, nikiwa mtoto, alinipakia kwenye pikipiki kutoka Newala, tukipeleka chanjo Chilangala. Katikati ya mikorosho tukakuta wageni wameziba barabara kwa magari kama lile, wanayapiga picha. Niliwahurumia, nikidhani ni maskini waliokosa magari mapya.

"Shikamoo, mama. Subirini kidogo, jua likae vizuri," alisema mkalimani wao.

"Marahaba. Barafu ya chanjo inayeyuka! Watoto wanangoja!"

Wageni walicheka. Mama akakatiza shambani, tukapita juu ya mabibo, matunda ya mikorosho, yaliyooza, yananuka kama pombe. Barafu tuliifikisha, kipande tu. Alichanja watoto wote, kisha akakaa akalia. Nilidhani ameumia. Leo najua ilikuwa hasira.