Bonde Lisilo na Upepo

Felista hakuwa mtu wa mikutano. Kijijini kwao, katika kata ya Masoko, walimjua kwa mambo mawili: sauti yake kwenye kwaya ya kanisa la Moravian, na ng'ombe wake wa maziwa, ambao aliwasemesha na kuwabembeleza kama watoto wa kuwazaa. Mumewe, Ackson, alikuwa mtu wa migomba na kahawa, mpole kupita kiasi. Ukikutana naye njiani alikusalimu kwa Kinyakyusa "ugonile", kisha akasimama kusikiliza habari zako zote mpaka ziishe, mvua inyeshe isinyeshe.

Kampuni ya gesi ilipokuja, wanakijiji waliitwa uwanjani. Mgeni aliyevaa kofia ngumu alieleza kwamba chini ya mashamba yao kulikuwa na gesi, ile ile inayotia mapovu kwenye soda na bia, na kwamba wangeichimba kwa usalama kabisa. Vijana wangepata kazi. Barabara ingepitika masika yote. Watu wakapiga makofi. Felista, aliyekuwa amekaa nyuma na kina mama wenzake, akanyoosha mkono.

"Na maji yetu je? Kisima chetu kiko bondeni, chini kabisa ya hapo mnapotaka kutoboa."

Mwenyekiti wa kijiji, Lukasi, alimkata kabla mgeni hajajibu. "Mama, usituletee uchuro. Wageni wamefika leo tu."

Watu wakacheka. Felista naye akacheka kidogo, kwa aibu, akakaa.

Mtambo ukasimikwa. Meshaki, mdogo wake Ackson, akapata kazi ya ulinzi getini, na kwa mara ya kwanza watoto wake wakaenda shule na viatu. Hakuna aliyeona ubaya. Mwaka wa pili ndipo maji ya kisima yalipoanza kuchemka pasipo moto, yakitoa mapovu na kuacha uchachu ulimini. Kisha vyura wakanyamaza. Kisha, asubuhi moja, Felista akamkuta ng'ombe wake mkubwa amelala bondeni karibu na kisima, majani bado mdomoni, hana jeraha wala povu. Pembeni yake walikuwa wamelala ndege wawili.

Daktari wa mifugo alikisia sumu. Lukasi akakisia wachawi. Felista alijifunga khanga, akaenda Tukuyu, ofisi za wilaya.

Huko alimkuta afisa mazingira aliyeitwa Sia, binti wa tambarare za Kilimanjaro aliyeletwa huku kikazi, ambaye alikuwa bado anatetemeka kwa baridi ya Rungwe hata mchana. Sia hakumzungusha. Alikuja kijijini na kifaa kidogo, akakifunga kamba na kukishusha bondeni. Kikapiga kelele kama kifaranga aliyekanyagwa.

"Gesi hii ni nzito kuliko hewa, jamani," Sia akawaeleza watu waliokusanyika. "Inatuama bondeni kama maji, ila hamuioni wala hamsikii harufu yake. Siku yenye upepo inapeperushwa. Siku isiyo na upepo, anayeshuka humo hawahi hata kuomba msaada. Na nisikilizeni vizuri: mkimwona mtu ameanguka humo, msimfuate. Anayemfuata hufa juu yake."

Kampuni ikajibu kwamba Rungwe ni nchi ya volkano, na gesi imekuwa ikitoka ardhini tangu enzi za mababu. Jibu hilo lilimuumiza Felista kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Hata bibi yake aliwahi kumwonyesha mashimo ambako mbuzi hawapelekwi.

"Ya zamani tunayajua yote kwa majina," alimwambia Lukasi. "Hili la kisimani halina jina. Limezaliwa juzi!"

Hapo ndipo mwanamke asiyependa mikutano alipoanza kuitisha yake. Alipita nyumba kwa nyumba. Kina mama walikata migomba, wakailaza barabarani kuzuia malori, wakakaa juu yake wakiimba nyimbo za kanisani huku mvua ikiwapiga. Polisi wakaja, wakawapakia wachache, Felista akiwemo, wakawapeleka Tukuyu. Waliachiwa jioni bila kushtakiwa. Lakini malori yalikuwa yamekwama siku nzima, na vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani mpaka watakapoitwa.

Meshaki alimfuata jikoni akiwa amefura.

"Shemeji, mimi nimekukosea nini? Unataka wanangu wale majani?"

"Nataka wanao wapate maji ya kunywa, shemeji."

"Maji! Watu wazima wanazungumza kazi, wewe unazungumza maji!"

Ackson alikuwa amekaa pembeni, akimenya ndizi. Hakuwahi kumkemea mdogo wake mbele za watu. Siku hiyo aliweka kisu chini, akasema, "Meshaki, huyu ni mke wangu. Ondoka, urudi ukiwa na adabu." Meshaki akaondoka, wala hakurudi.

Kanisani nako mambo yalichacha. Wenye ndugu mtamboni waliacha kukaa benchi moja na Felista. Katika kwaya, akianzisha wimbo, nusu ya sauti zilichelewa kuingia. Vibarua wakaitwa tena, na kampuni ikaleta bomba la maji kuwanyamazisha watu. Likatoa maji wiki chache, likakauka. Watu wakarudi kisimani, wakichungulia kwanza kama kuna upepo. Hawakuwa na kwingine.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, jani la mgomba halitikisiki. Ackson alichukua ndoo, akasema angeishia juu, kwenye mchirizi mwembamba wa maji utokao jiweni, asishuke bondeni. Alipokawia, Felista akatoka kumtafuta. Alifika ukingoni, akaiona ndoo kwanza, kisha akamwona mumewe, amelala kifudifudi karibu na maji, mkono mmoja mbele kama mtu anayefikia kitu. Pengine aliteleza. Pengine mchirizi ulikuwa mkavu akajaribu hatua moja zaidi. Hilo halikujulikana.

Alipiga yowe. Meshaki, aliyekuwa anatoka zamu, ndiye aliyefika wa kwanza. Alipomwona kaka yake alitupa koti na kuanza kushuka.

Felista akamrukia. Akamkamata kiunoni, wote wawili wakaanguka kwenye tope.

"Niachie! Niachie, kaka anakufa!"

"Usishuke! Sia alisema!"

"Mwanamke gani wewe? Ni mumeo yule!"

Meshaki alimpiga ngumi begani, akamvuta khanga mpaka ikachanika. Felista hakuachia. Alijifunga kwenye miguu ya shemeji yake kama mmea utambaao kwenye mti, uso wake ukiwa kwenye matope, akipaza sauti kwa Kinyakyusa, akimwita Kyala, Mungu wake, akimwita Ackson aamke. Chini kule Ackson hakusogea. Alikuwa karibu kiasi kwamba waliona kiraka alichokishona Felista kwenye mgongo wa shati.

Majirani walifika. Wakafunga mianzi miwili kwa kamba, wakatia kulabu ya kuangulia maparachichi, wakamvuta kwa kola mpaka juu. Alikuwa amepoa.

Ripoti ya hospitali ilisema moyo wake ulisimama. "Nani amewahi kufa moyo wake ukiendelea kupiga?" Felista aliuliza. Msibani, kampuni ilituma mchele, sukari na turubai. Alitaka virudishwe. Wazee wa ukoo wakamwambia msiba si wake peke yake, na chakula kikapikwa. Hakukigusa. Na nyuma ya migomba, wanawake wale wale walioimba naye barabarani walinong'ona kwamba alimzuia mtu asimwokoe mumewe.

Sia alikuja kuzika. Alilia kuliko wafiwa wengine, akaahidi kuandika ripoti mpya juu ya gesi ile, kwa ukali. Aliandika. Mwezi haukupita akapewa uhamisho kwenda mkoa mwingine. Alimpigia Felista simu akiwa stendi, sauti ikikatika kwa kelele za wapiga debe: "Mama, nisamehe. Usiache." Felista alimjibu, "Nenda salama, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana."

Kampuni ikazungushia bonde uzio wa waya na kibao chekundu cha hatari. Kisima kikabaki ndani ya uzio. Sasa watu wanateka maji mbali, mtoni, kilima kwenda na kilima kurudi. Mtambo unaendelea.

Siku moja Felista alikwenda getini peke yake, amevaa nguo nyeusi, kudai kuonana na mkubwa wa mtambo. Aliyetoka kumzuia ni Meshaki. Hawakuwa wamezungumza tangu matanga. Kope zake zilikuwa zimevimba, na pumzi yake ilinuka pombe asubuhi ile.

"Mkubwa hayupo, shemeji."

"Gari lake naliona."

Meshaki akatazama chini. "Nimeambiwa nikuambie hayupo."

Walisimama hivyo, nondo za geti katikati yao.

"Ungeniachia siku ile," Meshaki akasema kwa sauti ndogo. "Kila nikilala namwona. Ungeniachia nishuke."

"Ningewazika wawili."

"Bora ungetuzika."

Felista aliingiza mkono kati ya nondo akamshika kifundo cha mkono, na mlinzi akalia mbele ya geti analolilinda, bila kujificha. Lakini honi ililia ndani, akajipangusa kwa mkono wa koti, akamwomba shemeji yake asogee. Felista akasogea. Meshaki akafungua, lori la mitungi likapita, akafunga tena.

Wiki iliyofuata zikaonekana bendera ndogo nyekundu kwenye kilima cha juu, nyuma ya shule ya msingi, na mafundi wakaanza kupima. Kisima cha pili cha gesi. Felista aliuza ndama aliyebaki apate nauli, akapita tena nyumba kwa nyumba. Milango mingi haikufunguliwa, ingawa alisikia watu wakipumua ndani. Mwishoe walipatikana wanawake wawili, mmoja mzee sana, mwingine mjamzito. Alfajiri wakapanda gari pamoja kwenda Tukuyu.

Kwenye kiti cha Sia alikuwa amekaa kijana mgeni, mwenye heshima zake. Aliwakaribisha, akawapa viti. Hakuwa na habari yoyote ya kijiji chao, na kabatini hakupata karatasi hata moja.

"Basi, mama," akasema, "anza mwanzo. Tatizo ni nini?"

Felista aliwatazama wenzake. Mjamzito alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho kwa uchovu. Mzee alikuwa anakohoa. Felista akasogeza kiti chake karibu na meza.

"Nilikuwa na mume," akaanza.