Kuchunga Chawa wa Samoni

Bosi wangu alivua kwa miaka minne bila kupata samaki wa kuonyesha watu, na muda huo wote samaki wake nilikuwa mimi.

Nilikuwa dereva wa nyumba Riyadh, katika miaka ile ambayo kila kijiji kwetu kilikuwa na ajenti wake wa Saudia. Kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini kuingia nchini, alikuwa mtu wa makamo, muuza vigae vya sakafu. Hakuwa mkali. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Kila mwaka, theluji ilipoanza kuyeyuka huko kaskazini ya Ulaya, alipanda ndege akaenda kukodi kipande cha mto. Alisimama majini mpaka kifuani tangu asubuhi mpaka jioni, akimtafuta samoni anayetoka baharini kupanda mto wakati wa machipuo. Mto huohuo ulikuwa na trauti wa baharini, ndugu yake mdogo. Mwaka wa kwanza alirudi na mafua, na wa pili akarudi na midomo iliyopasuka. Mwaka wa tatu alipata trauti mmoja mwenye urefu wa kiganja, akamrudisha majini. Wa nne hakupata kitu. Kaka zake walimcheka kila mara walipokusanyika kwa baba yao, mtaa wa Al-Murabba. Mmoja alikuwa akimuuliza mbele ya watu bei ya kilo ya samaki sokoni.

Hakukata tamaa. Alisoma vitabu, akanunua fimbo nyingine ya kuvulia, ndefu zaidi, na kila Ijumaa baada ya alasiri nilimpeleka kwenye istiraha yake nje ya mji, shamba la mapumziko lenye ukuta na nyasi za kumwagiliwa. Hapo hapakuwa na mto, kwa hiyo ncha ya mshipi aliifunga kwenye kipande cha mpini wa ufagio, akanipa nishike.

"Yalla, samaki. Kimbia."

Nikakimbia. Mshipi ulilia kwenye kigurudumu cha fimbo, naye akavuta.

"Kushoto. Sasa geuka, teremka na maji. Usisimame. Samaki hasimami mpaka achoke."

"Nimechoka, bosi."

"Bado. Nitakuambia ukichoka."

Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nakimbia kwenye nyasi na mpini wa ufagio mkononi. Mwishoni ilinibidi nilale ubavu, naye anaburuta mshipi taratibu mpaka nifike miguuni pake, halafu anainama kunigusa bega na kusema halas, imekwisha. Nilikuwa napewa soda. Nilikuwa nasema asante, na soda yenyewe nilikuwa naitaka.

Tukiwa njiani kurudi alipenda kunifundisha. Samoni akishaingia mtoni hali tena, alisema. Anapanda tu kwenda kutaga pale alipozaliwa. Haumi ndoano kwa njaa, kwa hiyo unamrushia manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano mbele ya pua, mara nyingi, siku nyingi, mpaka akasirike. Nilimwambia kwetu Kenya kuna ningu, ambao mvua za masika zikianza hutoka ziwani kupanda Mto Nzoia kwenda kutaga, na kwamba mama yangu alitulea kwa kuwakausha ningu kwa moshi na kuwauza. Akasema hao ni samaki wa kula tu. Mimi nilidhani samaki wote ni wa kula.

Mwaka wa tano mama yangu akafa, bosi akiwa mtoni.

Dada yangu ndiye aliyenipigia. Tuko wawili tu, na mimi ndiye mwana wa kiume. Kwetu udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mwana wa kiume, na kama yuko mbali anangojwa. Dada akasema, "Tumempeleka mochari. Tunakungoja wewe. Fanya haraka, ndugu yangu."

Kutoka Saudia bila kibali cha kafili haiwezekani, na pasipoti yangu ilikuwa Riyadh, kwenye sefu ya baba yake bosi. Madam, mke wa bosi, akaniambia hayo ni mambo ya mumewe. Nikampigia bosi. Nilisikia maji yakienda kwa kasi nyuma ya sauti yake.

"Mungu akupe subira," alisema. "Nikirudi tutamaliza. Mto umeanza kuwa mzuri."

Ukawa mzuri muda mrefu. Nilimpeleka madam kwa wazazi wake Jeddah, nikakaa huko nikisubiri. Dada alipiga tena na tena. Mwisho akasema wazee wamekata shauri: Jumamosi mama anazikwa, niwepo nisiwepo.

Bosi alitua Jeddah Jumatano alasiri. Alikuwa amekonda na uso umeungua kwa baridi, na anacheka kama mtu aliyepata mtoto. Hakuniuliza kuhusu mama. Pale pale maegesho ya uwanja wa ndege alifungua boksi kubwa jeupe la baridi lililojaa barafu.

"Tazama," akasema.

Walikuwa wawili, samoni na trauti wa baharini, wazima na matumbo yao, kwa sababu alitaka kaka zake wawaone kama walivyotoka majini. Samoni alikuwa mrefu kama mguu wangu, mweupe kama bati jipya. Karibu na mkia, juu ya magamba, walikuwa wamegandamana wadudu wa kahawia bapa, kila mmoja na mikia miwili myembamba kama nyuzi. Nilirudi nyuma.

"Chawa wa baharini," bosi alisema kwa fahari. "Samaki akikaa mtoni siku chache, wanaanguka. Wakiwepo, maana yake nimemshika akitoka baharini siku hiyohiyo. Kaka zangu wamesoma mambo haya ili wanicheke. Wasije wakasema nimenunua. Utawapeleka hawa Riyadh kwa gari kesho, mimi nakuja kwa ndege Ijumaa. Maji ya barafu yatoe kila mara, yasiwaoshe. Chawa wafike."

Niliitikia. Kisha nikalisema lile lililokuwa moyoni: mama yangu anazikwa Jumamosi.

"Kesho asubuhi tutaongea," akasema.

Usiku ule nililala Kandara, mtaa wa hapo Jeddah, kwenye chumba cha rafiki yangu, Mkenya mwenzangu, mlinzi wa jengo la maduka. Niliingiza boksi ndani nikaliweka chini ya kiyoyozi. Chumba kikashika harufu kabla hatujamaliza chai.

"Buda, hii ni nini umeniletea kwa nyumba? Ni maiti?"

"Samaki wa bosi. Na chawa wake."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mimi nachunga duka za watu, nikidhani hakuna kazi ya chini kuliko hii. Wewe umepewa kuchunga chawa. Wanajua kusalimia?" Halafu akaacha kucheka, akaniuliza habari za mazishi. Nilipomwambia bosi amesema mpaka tumalizane, alinitazama kama mtu anayemwonea mwenzake aibu. "Kumalizana gani? Kibali cha kutoka ni kwa simu tu siku hizi. Yule wangu alinipa changu akiwa chooni. Nilisikia maji yakivutwa, na meseji ikaingia."

Sikulala vizuri. Nilijiambia labda bosi hajui.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kwa wakwe zake, na kanzu safi, anakunywa kahawa. Nikamwambia kwa heshima kwamba nimesikia kibali kinatoka kwa simu. Kama angekitoa sasa, ningefika Riyadh jioni, mzee, baba yake, angenifungulia sefu, ningepanda ndege ya usiku. Ijumaa ningekuwa kwetu.

Hakukasirika wala hakukana. Nafikiri nilitamani akane.

"Ni kweli, ni simu," alisema. "Lakini ukiondoka leo, kesho nani atakuwa samaki? Nataka waone jinsi alivyopigana. Kesho, baada ya hapo, nakupa. Neno langu."

Nikapakia boksi nikaondoka.

Sisi Wakristo haturuhusiwi kupita Makka, kwa hiyo nilizunguka kwa barabara ya wasio Waislamu, nikapandisha milima ya Taif, kisha jangwa likaanza. Bosi alikuwa ameamuru kiyoyozi kiwe baridi kabisa. Nje joto lilikuwa linatetemesha lami, na mimi ndani nimevaa jaketi, meno yanagongana. Kila kituo cha mafuta nilisimama, nikafungua boksi, nikazibua kizibo cha chini. Yalitoka maji ya rangi ya waridi yenye ute kama makamasi. Niliongeza barafu pembeni, si juu, ili chawa wasiguswe. Kisha nikawahesabu. Mtu mzima ameinama kwenye maegesho ya kituo cha mafuta anahesabu wadudu kwenye mkia wa samaki huku mikono ikinuka mpaka kwenye kiwiko. Msafiri mmoja Mpakistani alichungulia, akaziba pua kwa kilemba chake, akaondoka.

Lililonitia kinyaa zaidi halikuwa harufu. Nilikuwa na bidii. Sikutaka barafu iishe, sikutaka chawa hata mmoja aanguke. Mama yangu alikuwa kwenye baridi yake kule mochari na mimi sina la kumfanyia, na huyu nilimhudumia kama mgonjwa.

Riyadh nilifika jioni. Niliwaweka samaki kwenye friji ya nje ya mzee, Al-Murabba. Ijumaa tumbo la samoni lilikuwa limeanza kulegea, linaingia ndani ukiligusa kwa kidole. Chawa walikuwepo.

Bosi alikuja baada ya swala ya Ijumaa. Kaka zake walifika na watoto wao, samaki wakalazwa juu ya sinia kubwa uani. Mkubwa wao aliinama akatazama mkia, akamtazama bosi, akatikisa kichwa.

"Wallahi ni wa kweli," akasema. "Umetuweza."

Niliuona uso wa bosi. Sijawahi kuona furaha safi kama ile, na sitaki kuipunguza. Alikuwa ameingoja miaka mitano, na baridi na dhihaka amezivumilia kwelikweli. Nilisimama pale na harufu ya samaki wake mikononi, nikafikiri kwamba uvumilivu wa mtu kama huyu ni kitu cha kuogopwa, kwa sababu hautasimama kwa ajili yako.

"Sasa mtaona alivyopigana," alisema. "Samaki, yalla."

Nilishika mpini wa ufagio. Nilikimbia ua mzima, nikageuka, nikateremka na maji yasiyokuwepo. Watoto walipiga makofi.

"Huyu si samoni, huyu ni kambale," kaka mmoja alisema. "Tazama rangi."

"Kambale wa kilo themanini," akajibu mwingine. "Mshipi utakatika."

Kila nilipopita ukuta wa magharibi niliona jua lilipofika. Nilitaka kuchoka haraka, nikalala ubavu mapema.

"Bado," bosi akasema. "Yeye aliondoka tena mara tatu."

Nikaamka, nikaondoka mara tatu.

Aliponigusa bega na kusema halas, jua lilikuwa limeshashuka na waadhini wanaita magharibi. Akatoa simu. Alibonyeza kwa kidole gumba, mara chache, bila hata kuvaa miwani. Simu yangu ikalia mfukoni kabla sijafungua mshipi kwenye mpini. Ikawa imekwisha. Jambo lile lile angeweza kulifanya akiwa mtoni, amesimama majini, na mkono mmoja bado umeshika fimbo.

Watu wakaswali, wakakaa kwenye chakula mpaka usiku, na baada ya hapo ndipo mzee alipofungua sefu. Pasipoti niliipata wakati ndege ya usiku tayari imefunga mlango wake. Wala samaki hawakuliwa. Mzee alinusa sinia, akasema kitu hicho kiondolewe, wao wana kondoo na wali. Mpishi aliwatupa wote wawili kwenye pipa la nje. Nilipotoka na begi langu, paka walikuwa wameburuta samoni mpaka njiani. Walikuwa wamekula macho na tumbo. Mkia wameuacha.

Nyumbani nilifika Jumapili jioni. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo wa kaburi umeshuka upande mmoja. Binamu yangu ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Jumamosi walikuwa wamenisubiri mpaka saa kumi. Waombolezaji waliponiuliza niliwajibu kibali kilichelewa, wakaitikia, kwa sababu kila mtu anajua Saudia.

Dada alinipikia. Ilikuwa masika, mto umejaa, ningu walikuwa wanapanda. Alinipakulia ugali na ningu wa mchuzi, yule jike, na mayai yake pembeni, kama mama alivyokuwa akinipa nikitoka shule. Nilitazama bakuli, mate yakanijaa mdomoni, na hayakuwa ya njaa. Nikageuza uso.

"Kula, ndugu yangu," alisema. "Hata mimi siku ya kwanza sikuweza. Lakini kula."

"Kibali kingeweza kutoka tangu Alhamisi," nikamwambia. "Niliambiwa nipeleke samaki kwanza."

Hakuuliza samaki gani. Alichukua lile bakuli, akatoka nalo, nikasikia akilimwaga nyuma ya nyumba. Alirudi na mboga za majani, akazisukuma mbele yangu, akaketi chini pembeni yangu mpaka nilipoanza kula.