Wimbo wa Kumsuta Kiboko

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata, Ilemela, chini ya tangazo la chanjo ya mbwa. Warsha ya siku tatu ya ubunifu wa muziki, kwa watu wasio na uzoefu wowote. Nililisoma mara mbili, kama ninavyosoma kila kitu kilichoandikwa na mtu ambaye sikumfundisha mimi. Wasio na uzoefu wowote. Nikajisemea, kama hao wana mwenyekiti wao, basi ni mimi.

Nimefundisha hesabu katika shule za msingi za mkoa huu zaidi ya miaka thelathini, na kuimba sijawahi. Sisemi kwamba naimba vibaya. Sijawahi. Nikiwa darasa la tatu, Nansio, kisiwani Ukerewe, mwalimu wa kwaya alipita mstari kwa mstari akitega sikio kwenye midomo yetu, maana kesho yake tulikuwa tunapokea mgeni kutoka wilayani. Alipofika kwangu akasimama. "Wewe fungua mdomo tu," akasema. "Sauti usitoe."

Nikatii. Nimetii kanisani, harusini, misibani, na kwenye wimbo wa taifa asubuhi baada ya asubuhi mbele ya shule nzima, nikiwa mwalimu wa zamu na fimbo mkononi. Nusu karne nimefungua mdomo bila kutoa kitu. Wapo waumini wenzangu ambao wataapa kwamba nina sauti nzuri, na mmoja amewahi kunisifu kwa sauti ya pili. Nilimshukuru. Watu hawasikilizi.

Ningekwenda kaburini hivyo hivyo kama mama yangu asingetangulia.

Kwetu Ukerewe, katika ukoo wa mama, mwanamke akizikwa mambo hayaishii hapo. Mwaka ukipita kaburi linajengewa, na asubuhi hiyo, kabla fundi hajamwaga zege, binti wa kwanza anasimama upande wa kichwani na kuanzisha wimbo wa mama yake. Si wimbo wa kanisa. Wanawake wa ukoo ule kila mmoja alikuwa na wimbo wake aliojitungia mwenyewe, shambani au jikoni, na alijulikana kwa huo. Binti anaanzisha, wanawake wanapokea. Lakini hawapokei kwa huruma. Akiukosea, wananyamaza. Anaanza tena. Akiukosea mara ya tatu, fundi anaambiwa aendelee na kazi yake, na wimbo ule hauimbwi tena na mtu yeyote. Unafunikwa pamoja na mwenyewe.

Wimbo wa mama ulikuwa wa kiboko. Alikuwa na bustani ya viazi vitamu kando ya ziwa, na viboko walikuwa wakipanda kutoka majini kuja kula matuta. Jua likishuka alikwenda kukaa pale na debe tupu, akalipiga na kuimba. Nikiuweka kwa Kiswahili unapoteza nusu ya ladha yake, lakini ulimuuliza kiboko kama kwao hakuna jembe, na mama yake alimfundisha nini zaidi ya kunenepa. Maneno nilikuwa nayo yote. Nilikuwa nayo kama nilivyo na jedwali la saba. Nilichokosa ni sauti.

Miezi miwili kabla ya siku yenyewe, mama mkubwa, dada yake mama, alinipigia simu kutoka Nansio. Yule bibi hasalimii kwenye simu, anaona ni kupoteza salio.

"Utaanzisha, au nimwambie fundi asikusubiri?"

"Shikamoo mama mkubwa. Nitaanzisha."

"Sijawahi kukusikia ukiimba, mimi."

Kumbe kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa akisikiliza. Nilikata simu. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Mama hakuacha nyumba, hakuacha picha zaidi ya mbili. Aliacha wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa mikononi mwa mtu wa kufungua mdomo tu.

Ndiyo maana nikaenda kwenye warsha.

Ilikuwa katika ukumbi mmoja karibu na ziwa, wenye feni tatu, moja tu ikizunguka. Viti vilipangwa duara, jambo ambalo peke yake lilitosha kunirudisha nyumbani, kwa sababu penye duara hapana mbele, na pasipo na mbele hapana ubao. Mwezeshaji alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, amevaa shanga mkononi mpaka karibu na kiwiko, miguu peku. Sakafu ya sementi, na yeye peku. Alinipa shikamoo ya adabu, nikaitikia, na huo ndio ulikuwa wakati wake mzuri kuliko wote kwa siku tatu zile.

"Wapendwa," akasema, "hapa hakuna kukosea. Kila sauti ni zawadi."

Mtu anayesema hakuna kukosea hajawahi kusahihisha daftari. Mimi nimetumia kalamu nyekundu kuliko watu wengine wanavyotumia chumvi, na ninachojua ni kwamba mtoto hakui kwa alama za vyema, anakua kwa kosa analoonyeshwa. Ukimwambia saba mara nane ni hamsini na nne na huo ni ubunifu wake, umemtupa. Lakini sikuja kubishana. Nilikuwa nimekuja na shida.

Tuligawiwa ala. Ala zenyewe ni chupa za maji za plastiki zilizotiwa kokoto, ndoo, vijiko, na sufuria ambayo bila shaka kuna jiko lililokuwa likiitafuta. Kushoto kwangu alikaa mwanamke wa Mkolani, mwenye umri wa binti yangu wa mwisho, mabega mapana, vidole vimepasuka. Anaponda mawe. Anakaa chini ya mwamba na nyundo kutwa nzima akitoa kokoto za kuuzia wajenzi, na alikuja kwenye warsha, alivyoniambia bila aibu, kwa sababu tangazo lilisema kuna chakula cha mchana. Alipokea chupa yake, akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa karibu na sikio.

"Hizi mmechanganya," akamwambia mwezeshaji. "Nusu inchi na robo tatu. Mnadanganywa na anayewauzia."

Mwezeshaji akasema kwamba huo ulikuwa uchunguzi mzuri sana na tumpigie makofi ya kilo. Asiyejua makofi ya kilo ahesabu baraka zake. Watu wazima, mmoja wao nahodha mstaafu wa meli za mizigo, walipiga makofi matatu kwa mpigo kisha wakamrushia yule mwanamke kwa mikono miwili. Yeye alitazama nyuma yake kuona wanamrushia nani.

Siku ya kwanza tuliimba majina yetu. Siku ya pili tulikuwa ziwa. Sitanii. Tulifumba macho tukaambiwa tuwe mawimbi, nahodha akawa wimbi, mimi nikawa wimbi, na nje ya dirisha, hatua hamsini, lilikuwepo ziwa lenyewe likifanya kazi hiyo hiyo bila warsha. Nilifungua mdomo kama kawaida yangu, bila kutoa kitu. Mwezeshaji akapita duara zima, akafika mbele yangu, akasimama. Niliona tena kiatu cha mwalimu wa kwaya. Nikasema, haya, amenikamata, sasa atanifundisha.

"Nzuri sana, mama," akasema. "Nakusikia kabisa."

Nilimdharau tangu hapo, na dharau hiyo ninayo hadi leo.

Mwanamke wa Mkolani yeye alikuwa amenisikia, yaani hakunisikia. Wakati wa chakula alikuja na sahani yake ya wali, akakaa.

"Mwalimu, wewe mbona unadanganya?"

"Nadanganya nini?"

"Unatafuna hewa."

Nilimwambia ale wali wake. Lakini jioni nyumbani nilijifungia chumbani nikajaribu wimbo wa mama kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ulitoka mwembamba na wa kusikitisha, na nikalia, si kwa uzuri wake.

Siku ya tatu kila mtu alitakiwa kuleta kitu chake. Nilisimama katikati ya lile duara nikaeleza shida yangu yote, kaburi, binti wa kwanza, mara tatu. Kisha nikaimba. Niliimba taratibu, kwa heshima, kama inavyostahili mtu aliyekufa. Sauti ilitetemeka ikakatika, nikamalizia kwa kunong'ona. Mwezeshaji alikuwa amefumba macho na mkono kifuani.

"Asante," akasema. "Kuna huzuni nzuri sana humo. Iachie itiririke."

"Nimekosea wapi?" nikamuuliza.

"Hujakosea, mama."

"Nimekosea. Nakuuliza wapi."

"Hapa hakuna..."

"Usiniambie hakuna kukosea!" Hapo nilipandisha sauti. "Miaka yote hii nimeambiwa nifunge sauti, leo nimeifungua, unaniambia nzuri! Nzuri ya nini? Ulikuja kufundisha au kutembea? Kwenu hawafundishi? Mama yako alikuzaa uje utupakie mawe kwenye chupa?"

Feni iliyokuwa ikizunguka ndiyo pekee iliyoendelea na shughuli zake. Halafu mwanamke wa Mkolani akacheka, kicheko cha mtu anayefanyia kazi nje.

"Hapo sasa," akasema, "ndiyo umeimba."

Niliona ananidhihaki. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka, lakini si kabla ya kupewa cheti, maana nchi hii hutoki kwenye ukumbi wowote bila cheti. Kiliandikwa kwamba nimehitimu ubunifu wa muziki. Nilikitumia kujipepea ndani ya kivuko kwenda Nansio, na kwa kazi hiyo kilikuwa cheti bora.

Asubuhi ya kujengea kaburi kulikuwa na wanawake kama thelathini, wamekaa chini, kanga zimefungwa viunoni. Hakuna aliyevaa shanga mpaka kwenye kiwiko. Fundi alikuwa ameshachanganya zege, limejaa toroli, koleo limesimama ndani yake. Mama mkubwa alikaa mbele kabisa kwenye kigoda, na debe la mama mapajani, lile lile, lenye kutu na mabonde. Akanitazama, akalipiga mara moja.

Nikaanza, kwa heshima, taratibu. Nilifika mwisho wa mstari wa kwanza, nikangoja.

Hawakupokea.

Sijui kama nimewahi kusikia kimya cha namna ile. Hawakuwa na hasira. Walinitazama tu, mama wadogo, binamu, watu walionibeba mgongoni, midomo imefungwa. Nikaanza mara ya pili, taratibu zaidi, na machozi nayo yakaingia ndani ya sauti. Nikafika mwisho wa mstari.

Hawakupokea. Fundi akashika koleo.

"Unamwimbia nani?" mama mkubwa akauliza.

"Mama."

"Mama yako hajala viazi vya mtu. Mwenye kula viazi yuko wapi?"

Nikamtazama bila kuelewa, na yeye akanikunjia uso, uso wa mama yangu mtupu, wenye dharau ya watu wa ukoo ule, ambayo sikujua kwamba nami ninatembea nayo kila siku. Nikamkumbuka mama bustanini. Hakuwahi kuuimba wimbo ule kwa upole hata siku moja. Alikuwa akigomba. Alisimama na debe lake mbele ya mnyama ambaye angeweza kumkata vipande viwili, akamwambia ana tumbo na hana aibu. Mimi nilikuwa nimemletea huzuni nzuri inayotiririka. Nilijiona mjinga kuliko yule kijana, kwa sababu yeye hakumjua mama yangu.

Nikakasirika. Nilimkasirikia mwalimu wa kwaya na mgeni wake wa wilayani, nikamkasirikia mwezeshaji na miguu yake, nikajikasirikia mwenyewe kwa kutii miaka yote hiyo. Nikaweka mkono kiunoni. Nikamgeukia kiboko, nikamwona kabisa, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kumwita mtoto aliyekimbilia ng'ambo ya uwanja. Mbaya, nene, inakwaruza. Kwenu hakuna jembe? Mama yako alikufundisha nini?

Wanawake thelathini wakapokea.

Walipokea kwa pamoja, mara moja, mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye mihogo. Mama mkubwa alilipiga lile debe kama analidai, wengine wakasimama, wakaweka mikono viunoni kama mimi, na kiboko yule akasutwa siku ile kuliko alivyowahi kusutwa na marehemu mwenyewe. Nikamaliza, nikarudia mwanzo, wakapokea. Nikarudia tena. Sikuwa nalia. Nilikuwa nagomba, na mama alikuwa pale pale kwenye kugomba.

Fundi alisubiri, akasubiri, akachoma koleo kwenye toroli akaona halizami vizuri.

"Mama," akaniita, "zege linakauka."

Nikamwambia achanganye lingine, bado naimba.