Polaraiza na Firigisi ya Baba Mkwe

Jamani, yule mtu anayetafuna kwenye picha ni mimi. Mliowahi kuingia sebuleni kwa baba mkwe wangu, Baba Kabula, pale Mhunze, Kishapu, mnanielewa, na ambao hamjaingia ngoja niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na watu wabaya, maana kila anayeisimulia hii habari anaitia pilipili yake, na juzi nimesikia eti hadi Kahama wanasema nilimaliza kuku mzima. Sikumaliza kuku mzima. Nilikula firigisi, basi, na aibu yote ilianzia kwenye kioo kidogo cha kufunga mbele ya lenzi ya kamera.

Mimi ni mpiga picha, nina studio yangu Kambarage, Shinyanga mjini (studio ni neno kubwa, ni chumba chenye pazia la maua na stuli moja iliyokaliwa na wateja wote wa paspoti), na kinachonilisha hasa ni harusi. Anayepiga harusi huku kwetu anamjua adui yake, ni jua. Nenda Kishapu saa nane mchana uone, mbingu kwenye picha inatoka nyeupe kama shuka la hospitali, paji la bwana harusi linang'aa kama limepakwa samli, na gari la maharusi ndiyo usiseme, vioo vinakurudishia jua lote machoni, bibi harusi aliyeko ndani humuoni, unaiona sura yako mwenyewe umekunja uso. Dawa yake ni filta inayoitwa polaraiza. Unaifunga mbele ya lenzi, unaizungusha taratibu, ule mng'ao unakatika, mbingu inarudi bluu na kioo cha gari kinakuwa kama kimeshushwa.

Tatizo ni bei. Ile ya jina kubwa wanayoitumia wapiga picha wa Mwanza (wale wanaoongea na sisi wa Shinyanga kama vile wanagawa misaada) ungeuza mbuzi na kamba yake na bado usiifikie, na mimi wakati huo nilikuwa najikusanya kwa ajili ya mahari ya mchumba wangu, Kabula. Nikajisemea nitachukua ya bei nafuu, ila nitaichagua kwa akili, siyo kama wenzangu wanaouziwa kioo cheusi halafu wanalalamikia kamera.

Nikaingia kwenye duka moja la redio na chaja, mwenye duka ni mama mtu mzima, nikamwamkia, nikaulizia filta.

"Marahaba baba. Miwani ya kamera? Hiyo hapo, boksi zima, chagua."

Sasa mnanijua nikipata watazamaji. Kulikuwa na wateja wamesimama wanasubiri chaja zao, nikaanza kuwapa somo ambalo hakuna aliyeliomba. Kwanza, nikawaambia, angalieni saizi, na saizi haiko kwenye zile namba za masafa zilizoandikwa ubavuni mwa lenzi, hapo ndipo wengi wanaliwa, saizi iko nyuma ya kifuniko, pale penye alama ya kiduara kilichokatwa na mstari. Pili, weka kioo juu ya karatasi nyeupe, karatasi ikigeuka rangi ya chai, rudisha. Tatu, na huu ndio mtihani wenyewe, washa simu, weka filta mbele yake, zungusha, ikiwa ya kweli kuna mahali simu itazimika machoni pako iwe nyeusi tii, na ukiendelea kuzungusha itawaka tena. Ikiwa feki, zungusha mpaka kesho, hiyo ni miwani ya jua ya stendi.

Nikazungusha moja, feki. Nyingine, feki. Mama wa watu akaanza kuniangalia vibaya. Nikafika kwenye moja iliyokuwa chini kabisa ya boksi, haina hata kasha, nikaizungusha mbele ya simu ya yule mama, simu ikawa nyeusi tii, wateja wakaguna "aaah", na mimi nikahisi nimezaliwa upya.

"Lakini baba," akasema mwenye duka, "hiyo pete yake inakwaruza."

"Mama, picha inapigwa na kioo, haipigwi na pete."

Nililitoa hilo jibu kwa sauti ya mhadhiri. Ninalikumbuka mpaka leo, na kila nikilikumbuka natamani kurudi pale dukani nijizabe kofi mbele ya wateja walewale.

Kilichofuata mnakijua nyinyi mlioonja vumbi la Kishapu msimu wa pamba. Nikaenda kupiga picha mnadani, vumbi likaingia kwenye ile pete inayokwaruza, na filta ikaganda. Haizunguki, haifunguki. Mwenzangu wa kazi, Dotto, ambaye tunagawana harusi na lawama, aliikamata kwa mpira wa baiskeli, akaikamata kwa kitambaa chenye mafuta, akataka kuleta koleo nikamfukuza. Tukaijaribu ilivyo. Kumbe imeganda mahali pazuri, ukisimama mshazari na gari, kioo chote kinakata mng'ao, unahesabu hadi vifungo vya shati la dereva. Nikasema acha hivyohivyo, hii ni bahati.

Sasa tuje kwa Baba Kabula. Huyu mzee shughuli zake ziko Geita, ana sehemu yake kwenye shimo la dhahabu, wenyewe wachimbaji wanaliita duara, na akirudi Mhunze anarudi na pete, saa na maneno. Kwake kupiga picha siyo kazi. Nilipopelekwa kujitambulisha aliniuliza, "Unapiga picha, halafu mchana unafanya nini?" Kisha akasema neno moja tu la maana, na wote mlishike kama nilivyopaswa kulishika mimi:

"Mimi nataka mkwe anayejua kusubiri. Duara unaweza kulichimba mwaka mzima linakupa mawe tu. Asiyejua kusubiri simpi binti."

Nikaitikia, "Sawa baba." Kusubiri nako ni kazi? (Hilo nililisema moyoni, nashukuru.)

Siku ya mahari ikafika. Turubai limefungwa, ng'ombe wamefika wamekaguliwa na kusifiwa rangi zao, mshenga wangu amezungumza vizuri mpaka na mimi nikatamani kujiozesha. Na mnajua taratibu zetu, mkwe hali mbele ya wakwe, na mama mkwe hamkutani uso kwa uso, ukimuona anakuja unapisha njia. Kwa hiyo tangu alfajiri tumboni nilikuwa na chai ya rangi peke yake, nimekaa na suti kwenye lile jua, natabasamu. Kamera nimemkabidhi Dotto, na kwa kuwa siwezi kukaa bila kujionyesha, nilikuwa nimeleta runinga kubwa tukaiunganisha na kamera pale turubaini, ili kila picha inayopigwa wageni waione palepale. Wazo hilo lilikuwa langu. Hata lile la kusimama mshazari nilimsisitizia Dotto mwenyewe asubuhi ile: "Ukipiga watu na gari, usilikabili, simama kwa upande, vioo vitakuwa kama havipo."

Chakula kilipikwa kwa mama mdogo wake Kabula, nyumba ya mbali kidogo. Wakasema gari liende kukichukua. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu dogo, nikajitolea kwenda mimi, maana gari nililiazima mimi na makalio yalikuwa yamekufa ganzi. Kule shangazi yake Kabula, Shangazi Milembe, akapakia masufuria nyuma, halafu hotpoti moja ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma akaniwekea mbele, kiti cha pembeni yangu.

"Hii ya baba mkwe wako. Usiichanganye na nyingine, mwanangu. Tangulia, mimi nakuja na bodaboda."

Hakuwa na haja ya kunieleza kilichomo. Kuku akichinjwa kwa heshima ya mzee, firigisi ni ya mzee, mtoto wa miaka mitatu analijua hilo.

Nikarudi, nikaegesha kando ya turubai. Mtu akapiga kelele, "Subiri hapohapo mkwe, meza bado hazijapangwa!" Nikasubiri. Madirisha nimefunga kwa ajili ya vumbi, harufu imejaa gari zima, tumbo linaongea. Nikafungua ile hotpoti, kuangalia tu kama mchuzi haujamwagika (hakuna aliyeamini hili hadi leo, nanyi msijisumbue). Firigisi ikawa juu kabisa, inanitazama. Nikaangalia nje. Asubuhi nilipopita kando ya gari hili niliona tai yangu tu kwenye kioo, ndani sikuona kitu, jua linavipiga vioo vinakuwa kama sahani ya bati. Nikajiambia hakuna anayeniona. Nikaitia mdomoni nzima.

Na hapohapo nikasikia sauti ya Baba Kabula, mzee asiyejua kupiga picha ni kazi gani, anamwita Dotto, "Wewe mpiga picha! Njoo unipige na hili gari, niwarushie wenzangu wa Geita."

Wakaja wote. Mzee katikati ameshika kiuno kama gari ni lake, wajomba kulia na kushoto, na Mama Kabula mwenyewe amesimama hatua mbili kutoka mlangoni kwangu, wote wameligeuzia gari mgongo. Nitoke? Nikitoka nakutana uso kwa uso na mama mkwe, na shavu langu limevimba firigisi ya mumewe. Nikabaki ndani. Kupitia kioo nikamuona Dotto anatafuta mahali pa kusimama, anasogea, anasogea, mpaka akasimama mshazari kabisa, kama nilivyomfundisha. Nikafurahi moyoni kwamba jamaa anaelewa kazi, huku natafuna. Akapiga. Natafuna. Akapiga tena. Natafuna. Akili yangu, ambayo iliweza kutofautisha polaraiza ya kweli na feki mbele ya umati, haikuunganisha mambo mawili yaliyokuwa yamekaa pua kwa pua.

Wakarudi turubaini. Nikameza kwa shida, nikafuta midomo, nikasikia vicheko huko ndani, nikadhani kuna mjomba kapigwa picha amefumba macho. Nikaona huu ndio wakati wa kuonekana mkwe mwenye heshima, nikaibeba ile hotpoti kwa mikono miwili, nikainama kidogo, nikaingia.

Kwenye runinga kulikuwa na picha nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa katika maisha yangu ya kazi. Mbingu ya Mhunze bluu, suti ya mzee imetulia, hakuna paji linalong'aa. Na nyuma yake, ndani ya dirisha lisilo na hata chembe ya mng'ao, mimi, shavu moja kama nina jipu, macho yamefumbwa nusu kwa utamu, kifuniko cha hotpoti mkononi.

"Mayo wane, mama yangu!" Shangazi Milembe akajishika kichwa. "Si mkwe huyo?"

Mama Kabula akajifunika khanga uso mzima, mabega yanatikisika. Mshenga wangu akaanza kuvichunguza viatu vyake. Mzee hakucheka.

"Kuza," akamwambia Dotto.

Na Dotto, rafiki yangu wa damu, akakuza.

"Peleka mbele." Picha ya pili, natafuna. "Mbele." Natafuna. "Mbele." Shavu limehamia upande wa pili. Kisha mzee akanyoosha mkono, akaichukua hotpoti kutoka mikononi mwangu, akaondoa kile kitambaa, akatazama ndani kwa muda mrefu sana.

"Shingo," akasema. "Wameniachia shingo."

Nilimuona Kabula kule kwenye kona ya wanawake ameuma ncha ya khanga yake, hacheki, na ndipo nilipoogopa kweli, kwamba miaka yote ya kumpenda huyu mtoto inaishia kwenye utumbo wa kuku.

"Mimi nasubiri dhahabu," mzee akasema, "nasubiri mwaka, nasubiri miwili. Wewe umeshindwa kusubiri wali?"

"Nisamehe baba."

"Msamaha una miguu minne." Wajomba wakaitikia kwa mguno, hao ndio hawakosi. "Utaleta dume moja juu ya wale wa mahari. Na ataitwa hivyohivyo, dume la firigisi, ili wajukuu wakiuliza waambiwe."

Kwa hiyo nilikwepa kuuza mbuzi kwa ajili ya filta, nikailipia dume. Hebu nitafutieni polaraiza iliyo ghali kuliko hiyo yangu ya bei nafuu.

Halafu mzee akaigeukia runinga tena, nikaona uso unalegea. "Lakini hii picha," akasema taratibu, "hii mimi nimetoka. Nataka kubwa, kwenye fremu. Huyu wa nyuma anafutika?"

"Anafutika baba!" nikaruka. "Kabisa! Dakika moja tu!"

"Asifutwe," akasema Kabula kutoka kule kona. Turubai zima likageuka. "Baba, naomba asifutwe. Siku akiniambia hajala, nataka pa kumwonyesha."

Ndipo mzee alipocheka, na nikajua mke nimepata.

Picha niliisafisha mwenyewe, fremu nikanunua mwenyewe, msumari nikagongelea mwenyewe. Iko sebuleni Mhunze, juu ya runinga, na kila tukienda kusalimia ninakaribishwa kiti kinachoitazama, na wakwe zangu wenye roho nzuri wananiwekea kisahani chenye firigisi mezani, mbele ya wote, wakijua vizuri kwamba siwezi kuigusa. Inakaa pale mpaka inapoa. Filta nayo bado imeganda kwenye lenzi, inapiga vizuri kweli.

Nimeapa siwezi kujitolea tena kubeba chakula cha mtu. Na nyinyi mkienda kununua, mfanye ule mtihani wa simu, ila ikizimika nyeusi tii, mjiulize kwanza mna nini cha kuficha, maana feki ingenisitiri. Kinachoniuma zaidi ya dume, zaidi ya fremu, ni kwamba kama ningeimeza kabla Dotto hajapiga picha ya kwanza, nisingeshikwa. Sikuweza. Haikuwa imeiva.